Kusahihisha taarifa binafsi: namna ya kuhesabu siku na kuzifanya zisisimame

Siku ambazo sheria inatoa ili kosa katika taarifa zako lisahihishwe hazianzi pale ulipoligundua. Zinaanza ombi lako linapomfikia anayetunza taarifa, iwe kampuni au idara ya serikali. Ndiyo maana simu haifai kutegemewa: hata pale sheria inapokubali ombi la mdomo, utathibitishaje kwamba ulilitoa, na lini? Tuma barua pepe, au peleka barua mwenyewe na urudi na nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe.

Muda wenyewe hutegemea sheria inayomhusu mtunza taarifa. GDPR, yaani sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, inampa mwezi mmoja, na Uingereza nayo imeshika kipimo hicho. Ombi likiwa gumu anaweza kujiongezea miezi miwili, ila sharti akuambie, pamoja na sababu, kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2021, ni siku 14 za kusahihisha. Akikataa, ana siku 7 za kukujulisha kwa maandishi na kueleza kwa nini. New Zealand ni siku 20 za kazi. California ni siku 45, zinazoweza kurefushwa hadi jumla ya 90. Australia inazipa idara za serikali kuu siku 30, lakini kampuni zinadaiwa “muda unaofaa” tu, na hapo ndipo watu huzungushwa.

“Mwezi mmoja” si siku 30. Ombi lililofika tarehe 5 Machi linapaswa kujibiwa kufikia tarehe 5 Aprili. Lililofika tarehe 31 Agosti mwisho wake ni tarehe 30 Septemba, kwa sababu Septemba haina 31. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Kinachopoteza wiki nyingi zaidi ni uthibitisho wa utambulisho. Mtunza taarifa akiwa na shaka ya kweli kwamba wewe ndiye mwenyewe, chini ya GDPR siku zinaweza kusimama hadi umpe uthibitisho. Mzibie njia mapema: tumia anwani ya barua pepe ambayo tayari anayo na utaje namba yako ya mteja. Akidai kitambulisho, mpelekee siku hiyohiyo.

Usiandike “taarifa zangu zina makosa”. Andika hivi:

“Katika rekodi yenu tarehe yangu ya kuzaliwa ni 12/03/1987. Iliyo sahihi ni 21/03/1987, kama inavyoonekana kwenye cheti nilichoambatisha. Naomba msahihishe, mniarifu mkishamaliza, na mnitajie wote mliowapelekea tarehe ile ya awali.”

Sentensi ya mwisho watu wengi huisahau. Kosa likishasambazwa kwa watu wengine, kulifuta kwenye chanzo hakutoshi. Litarudi siku mifumo itakapobadilishana data. GDPR inamtaka mtunza taarifa awajulishe aliowapelekea, isipokuwa iwe haiwezekani au inadai juhudi kupita kiasi. Vilevile, ukipinga usahihi unaweza kuomba matumizi ya taarifa hiyo yazuiwe wakati inahakikiwa. Liombe hilo kama uamuzi wa mkopo au ajira unakaribia.

Tarehe, jina na kiasi cha deni husahihishwa kwa hati. Maoni ni habari nyingine. Daktari aliyeandika “nashuku pumu” aliandika alichoshuku, na rekodi inaweza kuwa sahihi hata kama vipimo vilionyesha vingine. Hapo omba maelezo yako yaambatishwe kwenye rekodi. Australia na New Zealand zinaruhusu hilo waziwazi masahihisho yanapokataliwa.

Muda ukipita kimya, tuma ukumbusho mmoja wenye tarehe ya ombi la kwanza, kisha nenda kwa mamlaka ya ulinzi wa data ukiwa na ombi, ushahidi wa siku lilipofika, na majibu yoyote uliyopata. Nchini Kenya malalamiko kwa Kamishna wa Data yanapaswa kuchunguzwa na kuhitimishwa ndani ya siku 90.