Kapsuli ipi ya kuweka kwenye mikro ya kondensa

Hapa Lubumbashi kwaya nyingi hurekodi kwa mikro za kondensa za bei nafuu. Mvua za mwezi wa kwanza zikikolea, naanza kuletewa mikro zinazochatachata kama mafuta kwenye kikaango. Mwenye mikro huja ameshaamua: "Fundi, kapsuli imekufa, niagizie ingine." Kapsuli ndicho kidude kinachopokea sauti, chenye utando mwembamba uliopakwa dhahabu na sahani nyuma yake. Namwomba aniachie mikro kwanza.

Naiweka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, mpaka kesho yake. Ikinyamaza, shida ilikuwa unyevu na pesa ya mtu imepona. Kapsuli imeungwa na rezista kubwa mno, mara nyingi gigaomu 1, kwa hiyo vumbi lenye umajimaji kidogo tu juu ya utando linatosha kuvujisha chaji. Na tafadhali usipulize utando kwa mdomo. Mate ni maji.

Kosa lingine naliona kwa vijana wenye bidii: wanagusisha multimita moja kwa moja kwenye kapsuli, wanasoma volti 0.6, wanasema bodi ya saketi ndani ya mikro haitoi umeme. Multimita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa megaomu 10. Ukiziweka mbele ya gigaomu 1, volti 60 za kulisha kapsuli zitasomeka kama sehemu moja ya mia hivi. Pima kabla ya hiyo rezista kubwa, upande umeme unakotokea.

Basi, tuseme utando umechanika kweli, au dhahabu yake imebanduka. Pima kipenyo cha kapsuli. Kubwa nyingi ni milimita 34 hivi. Ukikuta kidude kisichofika milimita 20, yaelekea ni elektreti, ambayo inakuja na chaji yake ndani. Bodi yake huenda haina umeme wa kulisha kapsuli ya kweli ya kondensa, na kubadilisha kapsuli peke yake hakutakupa sauti ya maana.

Ikiwa ni kubwa, angalia bodi kabla ya kuangalia jina la kapsuli. Hili ndilo ninalowasisitizia watu kuliko yote. Mikro nyingi za bei rahisi zina kapsuli ya mtindo wa K67. Neumann, kampuni ya mikro ya Ujerumani, waliitengeneza kwa ajili ya mikro yao ya U 67 ya mwaka 1960. Kapsuli ile inainua sauti za juu, na saketi ya U 67 inazishusha tena, vikasawazishana. Walionakili walichukua kapsuli, kisha wengi wakaweka saketi rahisi isiyoshusha kitu. Ndiyo maana soprano akiimba "msalaba" au "asante Yesu", zile s zinachoma masikio, na unapoteza usiku mzima kuzipunguza kwenye kompyuta.

Kwa bodi kama hiyo mimi nachagua mtindo wa K47, ule wa ukoo wa kapsuli ya M7 iliyokuwa ndani ya mikro ya Neumann U 47 ya mwaka 1949. Sauti za juu zinapanda kwa upole, na katikati, sauti ya mtu inapokaa, kumeshiba. Kwaya zetu zina sauti kali za kina mama na besi nzito nyuma, na kapsuli hii inazipokea zote bila kuumiza. Lakini kama bodi yako ina saketi ya kushusha sauti za juu, baki na K67. Ukiweka K47 hapo utapata sauti iliyofunikwa blanketi. Kapsuli ya CK12 ya kampuni ya AKG, iliyozaliwa na mikro ya C 12 mwaka 1953, ni nzuri mno, ila nyingi zinazouzwa rahisi kwa jina hilo ni K67 iliyoungwa waya pembeni. Za kweli ni ghali.

Kabla ya kuagiza, hesabu waya. Mikro ya kupokea upande mmoja inahitaji utando wa mbele na sahani ya nyuma tu. Ya pande mbili inataka waya tatu au nne. Piga picha kabla ya kulehemua.

Ukifunga, legeza na kaza skrubu za kishikio peke yake. Zile ndogo zinazouzunguka utando zimeshika mvutano wake, usiziguse kabisa. Kisha mwimbishe mtu yuleyule, umbali uleule, wimbo wenye s nyingi, na usikilize kwa hedifoni kabla ya kurudisha kifuniko.