Namna ya Kulinda Nauli Yako Shirika la Ndege Linapofilisika

Desemba 2018, majira ambayo wenyeji wa Kilimanjaro waishio Dar es Salaam hujiandaa kwenda kula Krismasi nyumbani, Fastjet Tanzania ilisitisha safari zake, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ikatangaza kusudio la kuifutia leseni. Miaka sita kabla ya hapo, Novemba 2012, Jetlink ya Kenya ilisimamisha ndege zake baada ya kushindwa kuzipata fedha zake zilizokwama Sudan Kusini. Juni 2014 ikawa zamu ya Air Uganda, iliyosimama baada ya kunyang'anywa cheti cha uendeshaji. Sababu zilitofautiana, lakini abiria aliyekuwa amelipa nauli mapema alijikuta katika hali ile ile: ana tiketi, ndege hana.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba tiketi uliyoilipia kabla ya safari ni mkopo uliolikopesha shirika bila dhamana yoyote. Likifilisika, wenye ndege zilizokodishwa huja kuchukua ndege zao, benki zenye dhamana hushika mali zilizowekwa rehani, kisha hulipwa gharama za ufilisi, mishahara na kodi. Abiria husubiri nyuma kabisa, pamoja na wauzaji wa mafuta na wapishi wa chakula cha ndani ya ndege, na mara nyingi zamu yao ikifika hakuna kilichobaki. Kwa hiyo ulinzi wa kweli unatokana na namna ulivyolipa, kwa maana huwezi kutegemea huruma ya shirika lenyewe.

Ushauri wangu ni kulipa kwa kadi ya Visa au Mastercard kila inapowezekana, hata kama kuna makato kidogo. Wengi hudhani kwamba ulinzi huu ni wa kadi za mkopo peke yake, ilhali hata kadi ya kawaida unayotolea fedha kwenye ATM inakuruhusu kuiomba benki yako ipinge muamala kwa sababu huduma uliyolipia haikutolewa. Benki yako huidai benki iliyopokea malipo kwa niaba ya shirika, na benki hiyo hubeba deni hata kama akaunti ya shirika imekauka. Muda wa kufungua pingamizi kwa kawaida ni siku 120, zinazohesabiwa tangu siku ambayo safari ilipaswa kufanyika au siku ulipofahamu kwamba haitafanyika. Hata hivyo, nenda benki wiki hiyo hiyo, usingoje. Malipo ya M-Pesa au Airtel Money hayana kinga ya namna hii, kwa kuwa utaratibu wa kurudisha muamala wa simu umekusudiwa mtu aliyekosea namba. Fedha taslimu mkononi mwa wakala ni hatari zaidi.

Ukilazimika kununua kwa wakala, dai risiti yenye jina la kampuni yake na usiondoke bila namba ya tiketi. Ile alama ya herufi na tarakimu sita anayokutumia ni ya nafasi uliyowekewa tu, na nafasi inaweza kuwekwa bila tiketi kulipiwa. Tiketi yenyewe ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar Airways. Hili lina uzito kwa safari za kuunganisha. Mtu anayetoka Mwanza kwenda Muscat kwa tiketi moja ana shirika lililoitoa tiketi la kulidai limtafutie njia nyingine endapo mshirika wake mmoja ataanguka, ilhali aliyenunua tiketi mbili mbalimbali hubaki na kipande cha pili kisicho na faida, kwa sababu hakufika pa kuanzia.

Bima ya safari husaidia pale tu ambapo kufilisika kwa shirika la ndege kumetajwa waziwazi ndani ya mkataba, tena iwe imenunuliwa kabla matatizo ya shirika hayajajulikana hadharani.

Dalili huonekana mapema kwa anayetazama: safari zinafutwa mfululizo bila maelezo, ndege inazuiwa uwanjani kwa deni, marubani wanalalamikia mishahara, na wakati huo huo shirika linauza tiketi za miezi ya mbele kwa bei ya kutupa. Ukiziona, nunua karibu na siku ya safari, wala usilipie familia nzima miezi mingi kabla.

Shirika likishasimama, usifute safari yako mwenyewe, maana ukifuta kwa hiari yako benki inaweza kusema kwamba wewe ndiye uliyevunja mkataba. Hifadhi tiketi, risiti, ujumbe wa benki na picha ya tangazo la kusitisha safari kabla tovuti haijazimwa. Usipokee vocha badala ya fedha. Kama umekwama ugenini, ulizia mashirika mengine kabla ya kununua nauli ya kawaida, kwa kuwa baadhi hutoa nauli nafuu kwa abiria wa shirika lililoanguka.

Walioko Uingereza wana kinga zaidi: kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974 kinaiwajibisha kampuni ya kadi ya mkopo kwa bidhaa au huduma ya bei inayozidi pauni 100 hadi pauni 30,000, na likizo za kifurushi, yaani ndege na malazi vikiuzwa pamoja, hulindwa na mpango wa leseni za waandaaji wa safari uitwao ATOL. Kampuni ya utalii ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, serikali ya huko iliwarudisha nyumbani watu wapatao 150,000.

Hata baada ya kwenda benki, andikisha dai lako kwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali na madeni ya shirika lililofilisika, mara tu atakapotangazwa, na upeleke malalamiko kwa TCAA au mamlaka ya nchi yako. Kwa upande mwingine, wapo matapeli ambao hupiga simu siku hizo hizo wakijifanya maofisa wa kurejesha nauli. Mfilisi wa kweli hatakuomba namba ya siri wala ada ya kulipwa kwanza.