"Don't you" na "Do you not"

Katika Kiingereza cha mazungumzo, uliza "Don't you know him?" Hiyo ndiyo ya kawaida. Ukitaka umbo refu, usiitenganishe tu "Don't" ikawa "Do not you know him?", hiyo imebaki kwenye maandishi ya zamani. "Not" inahamia nyuma ya mtendaji: "Do you not know him?" Ila mdomoni mara nyingi husikika rasmi, au kama unamsuta mtu.

Kinachotuponza zaidi sisi wa Kiswahili ni jibu. Ukiulizwa "Haven't you eaten?" nawe hujala, sema "No, I haven't." Ile "ndiyo, sijala" yetu haifai hapo, ukijibu "Yes" tu, mwenzako ataelewa umeshakula, na chakula hupewi.