Mashine ya nyasi ikikohoa, usianze na kabureta

Kila Januari, wiki ile shule zinapofunguliwa, simu yangu haipumziki. Mashine ya kukatia nyasi, ile kubwa ya kukalia, ililala stoo likizo nzima na petroli tankini. Sasa uwanja umeota nyasi hadi magotini, na injini ikiwashwa inakohoa, inapanda na kushuka, kisha inazima. Anayenipigia huwa ameshaamua ugonjwa: "Fundi, kabureta imekufa." Wengine hunipigia wakiwa tayari wameitawanya mezani.

Mimi hutengeneza mashine hizi hapa Limuru, Kenya, na ombi langu kubwa kwa yeyote aliye na moja ni hili: kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, iache kwanza. Jiulize injini inasumbua wakati gani. Ikiwa baridi, asubuhi? Ikishapata moto? Au ni pale tu unaposhusha visu kwenye nyasi? Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi, na halihitaji spana.

Kabla ya kugusa chochote, iweke mashine mahali tambarare, vuta breki, chomoa ufunguo, kisha ng'oa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi yenyewe. Kisu kikizunguka nusu duru tu kinatosha kukata kidole. Usipeleke mkono chini ya sahani ya visu kabla ya hapo, hata kama una haraka.

Sasa petroli. Toa kidogo kutoka tankini, iweke kwenye chupa inayopenya mwanga na uiache itulie. Maji yakiwemo yatakaa chini, yakionekana kama shanga. Petroli iliyolala miezi mitatu au minne hubadilika rangi na kunuka kama rangi ya mafuta ya kupaka mlango. Hiyo imwage, usiichanganye na mpya ukitumaini itafaa. Na kuna kosa moja ninalokutana nalo sana kwenye shule na mashamba: dumu la mashine ya kufyeka ya begani, ambalo petroli yake imetiwa oili, linamiminwa kwenye mashine ya kukalia kwa sababu madumu yanafanana. Injini itawaka, lakini itatoa moshi na plagi itachafuka upesi. Paka dumu moja rangi nyekundu na jambo hilo litaisha.

Mwaka juzi mzee mmoja anayetunza uwanja wa shule alinisimulia shida yake kwa uchungu. Mashine ilikata vizuri kwa dakika 20 hivi, kisha ikafifia na kuzima. Ikipumzika robo saa, inawaka tena kana kwamba haijawahi kuugua. Walikuwa wameshanunua kabureta mpya na plagi mbili. Nikamwambia, "Mzee, naomba ukate nyasi kama kawaida, mimi nitatembea kando." Akakata. Ilipoanza kufifia nilimwomba azime visu lakini abaki kitini, maana mashine hizi zina swichi chini ya kiti inayoweza kuzima injini ukiinuka. Nikalegeza kifuniko cha tanki kidogo tu. Hewa ikavutwa ndani, fyuuu, na sekunde chache baadaye injini ikarudi kunguruma vizuri. Kifuniko kile kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na nyigu alikuwa amekiziba kwa udongo. Petroli ikitoka tankini bila hewa kuingia mahali pake, hufika wakati haitoki tena. Nilikizibua kwa kijiti cha kibiriti. Mzee alikaa akikigeuza kile kifuniko mkononi, akifikiria fedha zilizokwenda.

Kama injini inazima ikiwa moto na kifuniko hakina kosa, angalia cheche mara tu inapozima, kabla haijapoa. Cheche ikikosekana injini ikiwa moto na kurudi ikipoa, koili, ile inayotengeneza cheche, ndiyo inayokufa.

Ukiifungua plagi, isome. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanasema petroli ni nyingi au hewa ni haba. Ikiwa imelowa oili, tatizo liko ndani zaidi. Nafasi ya plagi kwenye injini nyingi za Briggs & Stratton ni milimita 0.76. Filta ya hewa ya karatasi igonge taratibu ili vumbi litoke. Ikiwa imeingia oili au imechanika, nunua nyingine. Usiipulize kwa kompresa, inatoboka.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada ambalo watu wa pwani hawalijui. Limuru iko takriban mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo injini ya nguvu za farasi 17.5 huku kwetu inabaki na kama 13. Mashine iliyokuwa ikifanya kazi Mombasa ikiletwa hapa itatoa moshi mweusi na kunywa petroli, kwa sababu jeti yake, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, inapitisha petroli ya kutosha hewa nzito. Kabureta hiyo haijaharibika. Dawa ni jeti ya tundu dogo zaidi, inayotengenezwa kwa ajili ya maeneo ya juu. Na ukiirudisha pwani, rudisha na jeti ya zamani, la sivyo itapata joto kupita kiasi.

Injini inayopanda na kushuka yenyewe, vuu-vuu-vuu, inakosa petroli ya kutosha. Gavana, kifaa cha kusawazisha mwendo, inajaribu kuirudisha kwenye mwendo kila inapodhoofika. Hapo ndipo zamu ya kabureta inapofika, lakini hata hapo, kaza kwanza bolti zinazoishikilia. Kisha, injini ikinguruma, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na silinda. Mlio ukibadilika, gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, inavuta hewa. Sikiliza pia chini ya bakuli la kabureta: ukigeuza ufunguo, ile solenoidi, vali ndogo ya umeme inayofungua petroli, iseme "tak". Isiposema, petroli haipiti kwenye jeti kuu, hata kabureta ikiwa safi kama sahani.

Ukilazimika kuifungua, piga picha ya springi na vijiti vya gavana kabla ya kuvitoa. Tundu la jeti lisafishe kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano, chuma hupanua tundu, na ukishalipanua hakuna kurudi. Ukiishika jeti juu dhidi ya mwanga, uone duara kamili. Ukiona mwezi mchanga, bado kuna uchafu.

Mashine zinazosumbua kwenye mzigo tu zina hadithi yao. Nyasi za kikuyu zikilowa mvua ya Aprili ni nzito kama zulia, na mashine nzima kabisa itaelemewa. Pandisha visu, kata mara mbili. Ikiwa hata kwenye nyasi kavu inalemewa, ondoa kifuniko cha feni: mara nyingi utakuta nyasi zimejaa kwenye mapezi yanayoipoza silinda, au kiota cha panya. Kisha pima nafasi ya valvu, ile milango ya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi. Kwa injini nyingi za silinda moja za Briggs & Stratton zenye valvu juu, ya kuingiza hupewa milimita 0.08 hadi 0.13, ya kutoa moshi 0.13 hadi 0.18, pistoni ikiwa imepita kilele cha mgandamizo kwa milimita 6. Valvu zikilegea, stata, ile mota ya kuwashia, huzungusha nusu kisha inakwama, na watu wengi wamenunua betri mpya kwa ajili hiyo bure.

Kuna hali tatu ambazo nakuomba usiendelee kuiwasha. Oili ikinuka petroli na kiwango chake kimepanda, sindano ya boya, inayofunga petroli kabureta ikijaa, inavuja. Rekebisha hiyo na umwage oili yote, kwa sababu oili hiyo haiwezi tena kulinda injini. Ikiwa kisu kiligonga kisiki na tangu siku hiyo injini inapiga teke kinyume, kipande kidogo kinachoishikilia flaiwili, lile gurudumu zito la injini, huenda kimekatika. Na moshi wa buluu pamoja na oili ndani ya filta ya hewa, hasa kama hukujaza oili kupita alama, mara nyingi ni gasketi ya kichwa iliyopasuka upande wa vijiti vya valvu.

Shule zikifungwa Novemba, funga bomba la petroli na uiache injini ingurume hadi izime yenyewe. Toa iliyobaki tankini, na uzibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa ili panya wasiingie. Kitambaa kiwe chekundu, ncha yake ining'inie nje, ili Januari mtu akione kabla hajawasha.