Jinsi ya kuanzisha tuzo za wahakiki wa maigizo hapa Arusha

Kwanza tafuta watu watano sita wanaopenda maigizo ya jukwaani kweli, wasiwe ndugu wa waigizaji, wakubali kuona kila onyesho mwaka mzima, iwe Njiro iwe Kaloleni. Chicago kule Marekani wana tuzo za maigizo ziitwazo Jeff tangu 1968 na waamuzi wanaenda ukumbini kuangalia wenyewe, ndo msingi huo. Kila mtu na daftari lake, aandike usiku uleule, maana ukingoja kesho ushamsahau yule dada aliyesimama na ndoo kichwani bila kusema neno mpaka ukumbi mzima ukanyamaza. Fundi taa na mshona mavazi nao wapewe tuzo zao jamani, wanachoka sana hawa. Kura iwe ya siri. Zawadi kinyago cha mpingo kinatosha kabisa, mkabidhi mshindi mbele ya mama yake.