Somo: Namna ya kuishi na magoti yaliyochakaa kwa kazi za nguvu

Naandika somo hili ili kila anayeniuliza "goti linauma, nitumie nini?" nimwelekeze hapa, kwa kuwa jibu ni refu na nimechoka kulirudia vipande vipande. Kazi yangu imekuwa kuweka vigae hapa Mbeya, kazi ya kupiga magoti kutwa nzima juu ya zege, na mazoezi nitakayoyaeleza nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Wanaoniuliza ni wapakiaji wa mbao wa Mafinga, wakulima wa viazi wa Umalila wanaojitwisha lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi), na wachuma chai wa Mufindi na Rungwe. Wote nawaambia kwamba goti lililochakaa haliponi kwa kulazwa kitandani, bali hubebwa na misuli ya paja, na misuli hiyo hujengwa polepole.

Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, na ndiyo sababu likilika halijirudishi kama ngozi inavyojirudisha. Misuli ina damu ya kutosha na hukua hata kwa mtu wa miaka 70. Kwa hiyo tunashughulika na kile kinachoweza kubadilika.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni uchakavu. Goti lililochakaa huuma linapotumika na hupata nafuu likipumzika, na ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida huachia kabla ya nusu saa. Goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto, hasa kama una homa, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda kuna usaha ndani ya kiungo, nao huharibu goti kwa muda wa siku chache. Nenda hospitali pia ikiwa goti linajifunga lisinyooke, ikiwa huwezi kabisa kukanyaga, au ikiwa shavu la mguu mmoja limevimba na linauma.

Hatua ya 2: Usipige magoti juu ya kitu kigumu, kipande cha godoro la zamani kilichoshonewa ndani ya gunia kinatosha.

Hatua ya 3: Gawa mzigo. Safari mbili zenye nusu mzigo ni nafuu kwa goti kuliko safari moja ya lumbesa.

Hatua ya 4: Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa goti zima, si upande wa goti bovu, na itangulie pamoja na mguu mbovu. Urefu wake uishie kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na viatu vyako.

Hatua ya 5: Jenga misuli ya paja. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na mimi nilirudishwa nyuma hapahapa, kwa hiyo isomeni taratibu. Anza kwa kukaa sakafuni, mguu umenyooka, khanga iliyokunjwa ikiwa chini ya goti. Kandamiza khanga kwa goti hadi paja likaze, hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10. Zoezi la pili, lala chali, kunja mguu mmoja na unyanyue ule mwingine ukiwa umenyooka, hadi kisigino kiwe karibu sentimita 30 kutoka chini, ushikilie kwa hesabu ya 5, kisha uushushe bila kuuangusha. Haya mawili unaweza kuyafanya kila siku. Yakishakuwa mepesi, ongeza la tatu: kusimama kutoka kwenye kiti na kukaa tena bila kutumia mikono, mara 10, siku tatu kwa wiki. Kama kiti cha kawaida kinakushinda, anza na kiti kilichoinuliwa, kisha ukishushe kadiri nguvu inavyoongezeka. La mwisho ni kupanda na kushuka tofali moja lililolala imara, ukiwa umeshika ukuta.

Kipimo cha mazoezi ni asubuhi inayofuata. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika, lakini yakiwa bado yamezidi baada ya saa 24, au goti likivimba, umepita kiasi; punguza idadi kwa nusu, usiache kabisa. Usimeze dawa ya maumivu ili ufanye mazoezi mengi zaidi, kwa sababu dawa hiyo inaficha kipimo chenyewe na utajua umepita kiasi wakati goti limekwisha kuvimba. Usichuchumae hadi chini ukidhani kwamba unaharakisha. Na zaidi ya yote, usirudi kwenye mzigo kamili mara tu unapojisikia vizuri: maumivu hupungua mapema kuliko misuli inavyokomaa, na mtu anayepata nafuu wiki ya nne akajitwisha gunia wiki ya tano huanza upya akiwa na goti lililovimba. Jipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumu kama mazoezi yanasaidia.

Hatua ya 6: Goti kavu lililokakamaa lipe joto, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, goti lililovimba lipe ubaridi kwa muda huohuo.

Hatua ya 7: Kama una uzito uliozidi, upunguze. Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua unayotembea.

Hatua ya 8: Dawa ziwe za kusaidia tu. Parasetamoli kwa mtu mzima haizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na anayekunywa pombe kama ulanzi au komoni kwa wingi amwone mhudumu wa afya kwanza kwa sababu ya ini. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumika mfululizo hutoboa tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Kwa goti, diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi kuliko ya kumeza. Jihadharini na unga wa "mitishamba" unaoondoa maumivu ndani ya siku moja, kwa kuwa baadhi ya dawa za aina hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na deksamethasoni (dawa kali ya jamii ya steroidi) au diklofenaki bila mnunuzi kuambiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Makambako: Mkuu, kwa kifupi, ni dawa gani inayomaliza tatizo haraka?

Jibu: Hakuna. Soma hatua ya 5 na ya 8.

Mpakia Mbao, Mafinga: Kamwene, kaka. Huku tunaambiwa kwamba ute wa goti umeisha, hivyo tule bamia na supu ya kongoro ili urudi. Je, ni kweli?

Jibu: Kamwene, ndugu yangu. Ute wa goti hutengenezwa na utando uliomo ndani ya kiungo chenyewe, na ule unaouona kwenye bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Haupiti kwenda gotini. Tena goti lililochakaa mara nyingi huwa na majimaji mengi kuliko kawaida, na ndiyo maana linavimba. Bamia na kongoro ni vyakula vizuri, vileni kwa kuvipenda, ila fedha ya kununua "unga wa ute" iwekeni kwenye nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kijana wa Uyole: Mimi nimefuata somo lako na goti limezidi. Mazoezi haya hayafai.

Jibu: Umeniandikia pembeni kwamba ulifanya mara 50 siku ya kwanza na ulimeza diklofenaki kabla ya kuanza. Somo linasema mara 10, na limekataza dawa kwa maneno yaliyo wazi. Pumzika hadi uvimbe upungue, kisha uanze na zoezi la khanga peke yake.

Mchuma Chai, Mufindi: Shikamoo. Kwa nini naumia zaidi ninaposhuka mteremko kuliko ninapopanda, ilhali kupanda ndiko kunakonichosha?

Jibu: Marahaba, dada, nashukuru kwa swali hili. Unapopanda, misuli ya paja hujikunja kukuinua, nayo huchoka. Unaposhuka, misuli hiyohiyo hulazimika kufanya kazi ya breki: inakaza huku ikirefuka, wakati uzito wote wa mwili uko juu ya goti lililokunjwa, na kile kifupa cha mbele ya goti kiitwacho pia hugandamizwa kwa nguvu dhidi ya mfupa wa paja. Pale chini ya pia ndipo gegedu la watu wengi lilipochakaa. Shuka kwa kukata pembeni badala ya kunyooka moja kwa moja, fupisha hatua, na utangulize fimbo. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu mbovu hutangulia kushuka. Kikapu kilichojaa kimwagwe mara nyingi zaidi kama msimamizi anaruhusu. Lile zoezi la tofali ukiwa unashuka polepole ndilo hasa litakalokusaidia.

Binti wa Makete: Mama yangu anasema baridi ya Juni na Julai ndiyo inayokula magoti yake. Je, nimhamishie kwangu Dar es Salaam?

Jibu: Baridi huongeza ukakamavu na maumivu, lakini si baridi inayokula gegedu. Usimwondoe mama kwenye shamba lake kwa sababu hiyo. Mnunulie suruali nzito ya kuvaa chini ya kitenge, na umtazame anavyopika: akikaa kwenye kigoda kifupi mbele ya mafiga matatu, magoti yanakunjwa kupita kiasi kila mara anaponyanyuka. Inueni jiko kwa matofali hadi apike akiwa amesimama au amekaa kwenye kiti cha kawaida. Ikiwa maumivu yanamwamsha usiku, mpelekeni kwa daktari wa mifupa. Upasuaji wa kuweka goti bandia unafanyika nchini, ikiwemo MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, na magoti mengi ya aina hiyo hudumu zaidi ya miaka 15.

Fundi Seremala, Njombe: Naongezea kwa ajili ya huyo mama. Shida kubwa ya wazee wetu ni choo cha kuchuchumaa. Nimewatengenezea wengi kiti cha mbao kisicho na chini, kinachowekwa juu ya tundu.

Jibu: Asante sana, fundi, hilo nilipaswa kuliweka kwenye hatua. Tafadhali waeleze vipimo.

Fundi Seremala, Njombe: Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mtumiaji akiwa amevaa ndala, kisha ongeza sentimita 5, wengi huangukia kati ya 45 na 50. Miguu ya kiti itanuke chini ili kisipinduke, na ukutani ufungwe mti wa kushikia upande wa mkono wenye nguvu. Mbao ipakwe rangi ya mafuta, la sivyo itaoza.