Kibodi ya kukunja kwenye simu: kuiunganisha ni rahisi, kazi iko baada ya hapo

Wadau, mwaka wa pili huu naandika muhtasari wa kikoba chetu (kikundi cha kuweka na kukopa) kwa simu na kibodi ya kukunja, zile za Bluetooth zinazoingia kwenye pochi, na kila kikao lazima mtu aniulize "katibu, hiyo umeiunganishaje?" Wengine wameenda kununua kabisa, alafu baada ya wiki mbili kibodi iko kabatini, ukimuuliza anakwambia inasumbua. Nimekaa na watu kama wanne hivi tukaziwasha pamoja na nilichokiona ni kwamba kuunganisha hakumshindi mtu, ni dakika mbili, wanakwama kwenye vitu vinavyofuata ambavyo muuzaji hakwambii, yani mpangilio wa herufi, mahali pa kuiweka na chaji. Ngoja niandike vyote hapa.

Kwanza dukani. Uliza kama ni Bluetooth yenyewe au inatumia kile kidude cha kuchomeka cha USB, manake ya kidude utahitaji na adapta ya OTG (kile kiunganishi cha kuchomekea USB kubwa kwenye simu) na simu nyingine hazikubali vizuri. Pili nenda na rula. Usicheke, ni kitu cha maana kuliko rangi. Kibodi ya kawaida ya kompyuta, toka katikati ya A mpaka katikati ya F ni kama sentimita 5.7, kwasababu kila batani iko milimita 19 toka kwa mwenzake. Ya kukunja ikiwa chini ya sentimita 5 hapo vidole vitagongana, utaandika meseji mbili tatu ila huwezi kuandika kurasa nne. Zinazokunjika mara mbili kwa katikati mara nyingi zina batani kubwa lakini spesi inakatwa vipande viwili na kuna pengo katikati ya mkono wa kushoto na wa kulia, unazoea baada ya siku chache. Zinazokunjika mara tatu ni ndogo zaidi mfukoni ila batani za pembeni huwa zinabanwa. Mi nachukua ya pengo.

Na jaribu kuandika Kiswahili palepale dukani, sio kugonga gonga tu. Mi huwa naandika "wanang'ang'ania ng'ombe". Ile alama ya ng' kwenye kibodi kubwa iko jirani na Enter, lakini kwenye baadhi ya hizi ndogo wameificha, mpaka ushike Fn (batani inayobadilisha kazi ya batani nyingine) pamoja na nyingine ndo itoke, sasa fikiria unaandika majina ya watu na vijiji siku nzima kwa staili hiyo. Alafu piga sana A. Kiswahili chetu kinakula A kuliko herufi yoyote, na A inapigwa na kidole kidogo cha kushoto, kwahiyo A ikiwa ngumu au inabonyea upande mmoja mkono utauma kabla ya kikao kuisha. Q na X hata zikiwa mbovu utaishi nazo.

Kuunganisha sasa. Chaji kwanza ijae. Fungua kibodi, nyingi zinawaka zenyewe ukizifungua kwasababu kuna sumaku ndani, nyingine zina swichi pembeni. Shika Fn pamoja na batani yenye alama ya Bluetooth (kwenye nyingi ni C, au 1, 2, 3 kama inashika vifaa vitatu), shikilia sekunde tatu mpaka taa ianze kupepesa harakaharaka. Kama taa imewaka tu bila kupepesa haijafunguka kwa kuunganishwa, rudia. Kwenye simu ya Android iliyowekwa Kiswahili ingia Mipangilio, Vifaa vilivyounganishwa, Oanisha kifaa kipya, subiri jina litokee, gusa. iPhone ni Settings, Bluetooth, jina linakuja chini.

Hapo simu inaweza kukupa namba sita. Hizo namba unaziandika kwenye kibodi yenyewe, safu ya juu, alafu unabonyeza Enter. Mzee mmoja kwenye kikundi chetu alihangaika jioni nzima kwasababu alikuwa anatafuta sehemu ya kuziandika kwenye kioo cha simu, haipo, simu inasubiri vidole vyako kwenye kibodi. Nyingi za siku hizi haziulizi kabisa.

Ukishaunganisha angalia maandishi madogo kwenye batani, mara nyingi juu ya Q, W na E utaona Android, Windows, iOS. Shika Fn na ile ya simu yako. Ukiruka hapa herufi zitatoka sawa ila njia za mkato na batani ya Nyumbani zitakuchanganya.

Kosa kubwa linalofanya watu waseme kibodi ni mbovu ni hili: unabonyeza Shift na 2 upate @ inatoka alama ya kunukuu, unataka kunukuu inatoka @. Kibodi haina shida. Simu inadhani umechomeka kibodi ya Uingereza na wewe unayo ya Marekani, hizo alama mbili zimebadilishana sehemu. Ingia Mipangilio, Mfumo, sehemu ya lugha, tafuta Kibodi halisi (hiyo menyu inatokea kibodi ikiwa imeunganishwa tu, ndo maana wengi hawaioni), chagua Kiingereza cha Marekani. Usihangaike kutafuta mpangilio wa Kiswahili, herufi zetu zote ziko kwenye huo wa Kimarekani. Hapohapo kuna swichi ya kuonyesha kibodi ya skrini, zima, kioo kizima kinakuwa chako. Kwa iPhone, Settings, General, Keyboard, alafu Hardware Keyboard, na ukiwa hapo zima masahihisho ya kujiendesha, la sivyo utaandika "hisa" na simu itakuletea Kiingereza chake.

Mahali pa kuiweka. Hii kitu imetengenezwa kwa meza, na sisi vikao vingi tunakalia mkeka au benchi. Ukiiweka mapajani inajikunja katikati kila ukigonga, herufi zinakwenda kombo, unaanza kuichukia. Dawa yake ni kaunta buku. Chukua lile la kwaya tatu lenye jalada gumu, liweke mapajani, kibodi juu yake, inakaa tuli kama mezani. Sinia la bati nalo linafaa ila linapiga kelele na kibodi inateleza, tandika kitambaa chini. Simu usiilaze, isimamishe mbele yako, mi nimekunja boksi la viatu nikalichana mfereji, inasimama humo. Wengi wanailaza simu kwa upana kama wanaangalia mpira, mi naisimamisha wima, unaona mistari mingi zaidi ya ulichoandika juu, na kwa muhtasari hicho ndo unakitaka, ujue hoja iliyopita uliishia wapi. Ongeza ukubwa wa maandishi ili usiinamishe shingo.

Vidole: F na J zina vinundu vidogo, weka vidole vya shahada hapo bila kuangalia, uanzie hapo. Njia za mkato nazo zinaokoa muda sana kuliko kugusa kioo: Ctrl na A kuchagua yote, C kukopi, V kupesti, Z kurudisha ulichofuta. Ctrl na mshale inaruka neno zima, ukiongeza Shift inalichagua. Alt na Tab inakupeleka apu nyingine, natoka kwenye dokumenti naenda kwenye kikokotoo cha hisa narudi bila kunyanyua mkono. Kwa iPhone badala ya Ctrl tumia Cmd kwenye hizo nne za mwanzo. WhatsApp wewe fungua mipangilio ya gumzo uangalie kama Enter imewekwa kutuma, ukiiacha hivyo utatuma nusu nusu ya sentensi kwenye grupu la watu arobaini.

Sasa ikianza vituko. Herufi inajirudia yenyewe, "marejeshooooooo", nilipata hii kwenye kikao cha kufunga mzunguko nikasoma kiasi cha mkopo kina sifuri mbili za ziada, na ilikuwa namba ya mtu, sio jambo dogo. Inatokea hivi: kibodi ikikwambia "amebonyeza" na baadae "ameachia", ile taarifa ya pili ikipotea hewani simu inadhani bado umeshikilia. Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz ambayo wai-fai nayo inayatumia, kwahiyo penye vifaa vingi au chaji ikiwa chini inapoteza. Sogeza simu karibu, chaji, na ikiendelea isahau kwenye simu, yani ifute kwenye orodha ya Bluetooth, uiunganishe upya. Tangu siku ile kila namba ya hela naiandika alafu naisoma kwenye kioo kabla sijaendelea.

Herufi ya kwanza kupotea ukitulia kidogo ni kawaida, imelala kuokoa chaji. Gonga Shift mara moja, hesabu mbili, ndo uandike. Isiposhika kabisa angalia kama haijaunganishwa na simu nyingine nyumbani, inakumbuka ya jana.

Chaji, hili liliniponyoka mimi mwenyewe miezi. Kibodi nyingi za bei nafuu zenye tundu la USB-C hazichaji ukitumia waya wenye C pande zote mbili, taa haiwaki kabisa na unadhani imekufa. Tumia waya ambao upande wa chaja ni ile USB bapa ya zamani, inawaka hapohapo. Na kama unaiweka bila kuitumia, ichaji kila baada ya miezi miwili, betri ndogo zikikauka kabisa hazirudi.

Wazo lenyewe wala sio geni, mwaka 1999 kampuni ya Think Outside ya Marekani ilitoa Stowaway, kibodi iliyokunjwa vipande vinne unaichomekea kile kikompyuta cha mkononi cha Palm, na batani zake zilikuwa za ukubwa kamili. Ndo maana nasisitiza rula.

Kwa vumbi tumia brashi laini ya rangi, kavu, pitisha kwenye mikunjo. Usiikunje ikiwa na punje ya mchanga ndani. Mi nikimaliza naiacha wazi kwanza, nausoma muhtasari kwa sauti, mweka hazina anafuatilia kwenye daftari lake, akisema "hapo kwenye mfuko wa jamii sio elfu 36 ni elfu 63" nasahihisha palepale, natuma kwenye grupu, na hapo ndo nakunja, watu bado hawajavaa viatu.